Kongosho Halitakuuliza Kama Uko Tayari

Kongosho lako liko wapi?

Weka mkono hapo lilipo. Hujui uuweke wapi, sivyo? Moyo unaujua. Ini unalijua. Figo umeanza kuzijua kwa sababu umeona ndugu na majirani wakienda kusafishwa damu. Kongosho hujawahi kulifikiria hata dakika moja.

Limelala nyuma ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo. Urefu wake ni kama sentimita 15, uzito wake kama gramu 100 tu. Kila siku linamwaga zaidi ya lita moja ya majimaji ya kusaga chakula, na humo humo linatengeneza insulini inayotawala sukari ya damu yako. Limekutumikia hivyo tangu ulipozaliwa, kimya, bila kukudai kitu.

Siku likiwaka, utalijua.

Maumivu yanaanza chini ya chembe cha moyo, yanakaza, yanatoboa mpaka mgongoni. Unatapika na hupati nafuu. Ukilala chali ni mateso. Ukiinama mbele ndipo unapata pumzi kidogo. Jirani anasema ni vidonda vya tumbo. Mwingine anasema ni gesi. Mtoto anatumwa duka la dawa kuleta vidonge vya kutuliza asidi. Saa zinakwenda. Na ndani yako, majimaji yaliyokusudiwa kusaga nyama na maharage yameanza kulisaga kongosho lenyewe.

Huo ndio uvimbe wa ghafla wa kongosho. Daktari Reginald Fitz wa Boston aliueleza kwa kina mwaka 1889, yule yule aliyekuwa ameueleza ugonjwa wa apendiksi mwaka 1886. Sababu zake kuu leo zinajulikana: vijiwe vya nyongo vinavyoziba njia, na pombe. Mafuta ya damu yaliyopanda kupita kiasi nayo yamo.

Lakini swali langu kwako si hilo. Swali langu ni hili.

Siku hiyo ikifika, itakukuta na tumbo la ukubwa gani?

Usicheke. Usigeuze ukurasa. Jibu la swali hilo linaweza kuamua kama utarudi nyumbani baada ya siku chache au utalazwa chumba cha wagonjwa mahututi huku ndugu wakichangishana kwenye kundi la WhatsApp.

Kati ya wagonjwa kumi wanaoupata ugonjwa huu, karibu wanane hupita salama. Wanapewa dripu, wanapewa dawa ya maumivu, wanaanza kula, wanaruhusiwa. Wawili waliobaki ndio wanaoingia vitani. Wengine kongosho lao linakufa kipande kwa kipande. Wengine figo zinagoma, mapafu yanashindwa, shinikizo la damu linaporomoka. Wataalamu waliokutana Atlanta, Marekani, mwaka 1992 waliuweka ugonjwa huu katika madaraja, na mwaka 2012 madaraja hayo yakarekebishwa. Mpaka uliowekwa ni saa 48. Figo, mapafu au mzunguko wa damu ukishindwa na hali hiyo ikavuka saa 48, ugonjwa umekuwa mkali. Katika kundi hilo kifo si jambo la nadra.

Nani anaangukia kwa wale wawili?

Umri una sehemu yake. Magonjwa mengine uliyonayo yana sehemu yake. Lakini kuna kitu kimoja unakibeba kila siku, unapanda nacho daladala, unalala nacho, unaamka nacho, na hujawahi kukihesabu.

Uzito wako.

Mwaka 2006 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti mbalimbali wakayaweka mezani pamoja. Walichokiona ni hiki: wagonjwa wenye BMI, yaani kipimo cha uzito kikilinganishwa na urefu, ya 30 au zaidi walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kupata aina kali, na uwezekano wa kufa wa takriban mara mbili, wakilinganishwa na wenzao wasio na unene huo. Ugonjwa ni ule ule. Kongosho ni lile lile. Tofauti ilikuwa kwenye mwili ulioupokea.

Mara tatu! Na bado unasema utaanza Jumatatu?

Piga hesabu yako sasa hivi. Chukua uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 95 mwenye urefu wa mita 1.65 ana BMI ya karibu 35. Huyo tayari yumo. Je, wewe? Usiseme hujui uzito wako. Mizani ipo kwenye kila zahanati. Simu unayo, kikokotoo kimo ndani yake.

Sasa nisikilize vizuri, maana ukilielewa hili hutahitaji mtu wa kukusukuma tena.

Mafuta ya mapaja na makalio, yale yaliyo chini ya ngozi, siyo adui mkubwa wa siku hiyo. Adui ni mafuta ya ndani, yaliyozunguka utumbo na yaliyojipenyeza mpaka ndani ya kongosho lenyewe. Mtu anaponenepa tumboni, kongosho lake nalo hunenepa. Chembe za mafuta zinajipanga katikati ya chembe zinazotoa majimaji ya kusaga chakula. Na ndani ya majimaji hayo kuna kimeng'enya kinachoitwa lipasi. Kazi yake ni moja: kuvunja mafuta. Kikiwa kwenye utumbo, kinavunja mafuta ya chipsi ulizokula. Kongosho likiumia na majimaji yakavuja, lipasi haiulizi mafuta haya ni ya nani.

Inavunja yako.

Kitambi ni kuni ulizozipanga mwenyewe kuzunguka jiko. Cheche ikidondoka kwenye jiko lisilo na kuni, moto unakuwa mdogo na unazimwa. Ikidondoka kwako?

Mafuta yakivunjwa yanatoa asidi, na baadhi ya asidi hizo ni sumu kwa chembe hai. Zinaharibu sehemu za chembe zinazozalisha nguvu. Zinaliua kongosho pale lilipo, kisha zinaingia kwenye damu na kusafiri mpaka kwenye mapafu na figo. Nyingine zinashikana na kalsiamu ya mwili na kuwa sabuni. Ndiyo, sabuni. Daktari wa upasuaji akifungua tumbo anayaona madoa yake meupe juu ya mafuta, na maabara inaonyesha kalsiamu ya damu imeshuka.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walilifuatilia jambo hili kwa panya wanene waliosababishiwa ugonjwa huu. Waliwapa dawa inayoizuia lipasi isivunje mafuta. Uharibifu wa kongosho ukapungua, mapafu na figo zikalindwa, vifo vikapungua. Unaona maana yake? Panya walikuwa wanene vile vile. Mafuta yalikuwepo vile vile. Kilichozuiwa ni kuyavunja tu, na panya wengi zaidi wakanusurika. Kumbe sehemu kubwa ya maangamizi ilikuwa inatoka kwenye mafuta yenyewe.

Na si hayo tu. Tumbo kubwa linasukuma juu kile kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, kwa hiyo mapafu yanakosa nafasi katika siku ambayo yanahitaji kila tone la hewa. Mafuta ya ndani yanatoa kemikali za uvimbe hata mtu akiwa mzima, kwa hiyo ugonjwa unakuta mwili tayari una joto la chini kwa chini. Ultrasaundi nayo inapata tabu kupenya na kuonyesha kilichopo.

Utasema: basi nikifika hospitali watanipa dawa.

Dawa ipi?

Hakuna sindano ya kulizima kongosho lililowaka. Dunia nzima haijaipata. Madaktari wanakusaidia uvuke: maji ya dripu kwa kipimo, dawa za maumivu, chakula mapema ukikiweza, mashine kama viungo vimechoka, upasuaji kwa walio na sababu ya upasuaji. Hata maji yenyewe yana kipimo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kummiminia mgonjwa dripu kwa kasi kubwa hakukumwokoa zaidi, bali kulimjaza maji mwilini. Wanafanya kazi kubwa, na wengi wanawaokoa. Lakini hakuna daktari atakayekupunguzia kilo 20 usiku ule utakapofika mlangoni kwake.

Kilo hizo ni zako kuzipunguza. Kabla.

Nazijua sababu zako. Hebu tuziweke mezani.

"Kwetu sote tuko hivi, ni ukoo." Sawa, ukoo una nguvu yake. Je, ukoo ndio unaokuwekea sukari vijiko vinne kwenye chai? Ukoo ndio unaokununulia soda kila mchana? Ulichorithi ni mwelekeo. Mkono unaoshika kijiko ni wako.

"Sina hela ya gym." Nani amekutajia gym? Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki za kazi ya mwili ya wastani, na kutembea kwa haraka kunatosha. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Shuka daladala vituo viwili kabla. Panda ngazi. Lima bustani. Barabara haina kiingilio.

"Sina muda." Jana usiku ulikuwa na simu mkononi kwa saa ngapi? Jibu kimoyomoyo, mimi sihitaji kusikia. Wewe ndiye unayehitaji.

Na ipo sababu moja ambayo watu hawaisemi kwa sauti, lakini ndiyo inayowafunga wengi kuliko zote: "Nikikonda watasema naumwa. Watasema nimefulia. Watasema mke wangu hanilishi."

Hii inanikera, na sitajifanya hainikeri. Tumelea watu wengi katika imani kwamba kitambi ni cheti cha mafanikio. Kijana anapata ajira, baada ya mwaka mmoja tumbo linatangulia mlangoni, na sisi tunampongeza: umenawiri, kazi imekukubali! Bibi harusi anarudi nyumbani baada ya miezi michache, asipokuwa amenenepa mama mkwe anaulizwa kuna nini. Tunapongeza kile kinachotuua. Kisha mtu mmoja akijitahidi, akaacha soda, akaamka alfajiri kutembea, nguo zikaanza kumlegea, mtaa mzima unamnong'ona. Anaogopa. Anarudi kwenye sahani ileile.

Wewe utaishi kwa midomo ya watu mpaka lini?

Hao wanaonong'ona hawatalala kitandani badala yako. Hawatapumua kwa mashine badala yako. Waache waseme unaumwa, wakati wewe ndiye unayepanda mlima bila kuhema.

Lakini sikiliza, na hapa nakutaka uwe na akili pamoja na hasira: usijiue njaa.

Kuna watu wakishasoma maneno kama haya wanafunga mdomo, wanakunywa maji ya ndimu wiki mbili, wanataka kilo 10 ziondoke kabla ya harusi ya binamu. Hatari! Mtu anayepungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki anajiongezea uwezekano wa kupata vijiwe vya nyongo. Na vijiwe vya nyongo ni mlango mkuu wa ugonjwa huu huu unaoukimbia. Ukipungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki unakwenda vizuri. Unaona ni polepole? Mtu yule wa kilo 95, akipunguza nusu kilo kwa wiki, ndani ya wiki 10 ametua kilo tano.

Kilo tano ni kidogo? Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunaweza kushusha trigliseraidi, yale mafuta ya damu, kwa takriban asilimia 20. Hayo ndiyo mafuta ambayo yakipita miligramu 1,000 kwa desilita yanaweza kuliwasha kongosho yenyewe, bila kijiwe, bila bia. Hukuhitaji kuwa mwembamba kama mwanariadha wa Iten. Ulihitaji kuanza.

Na sindano za kupunguza unene zinazouzwa kwa kunong'onezana mitandaoni? Baadhi ya dawa hizo ni za kweli na zinawasaidia watu wakiwa chini ya daktari. Lakini karatasi zake zenyewe zina tahadhari kuhusu kongosho na nyongo. Mtu asiyejua historia yako asikuchome kitu. Muulize daktari kwanza.

Kuhusu pombe sitazunguka. Pombe nyingi na kitambi ni mambo mawili yanayokutana mwilini mwako kila Ijumaa. Moja linawasha, lingine linalisha moto. Sigara nayo inaongeza hatari. Na kama ulishawahi kulazwa kwa ugonjwa huu kwa sababu ya pombe, ukatoka, ukarudi kwenye kiti kile kile cha baa, nakuuliza bila kukuonea haya: unasubiri nini kikuambie? Kama chanzo kilikuwa kijiwe, uliza habari ya kutolewa mfuko wa nyongo mapema. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wagonjwa wa aina nyepesi waliofanyiwa upasuaji huo kabla ya kutoka hospitali walipata matatizo machache ya kurudi kuliko waliosubirishwa wiki kadhaa. Usikubali kwenda nyumbani bila kuuliza.

Mwembamba unayesoma huku unatabasamu, na wewe ngoja. Pombe haipimi kiuno. Vijiwe vinawapata wembamba pia. Wapo wenye mikono na miguu mikavu lakini tumbo limechomoza. BMI yao inasoma vizuri na mafuta ya ndani yanaendelea kukusanyika. Kwa hiyo usiishie kwenye mizani. Azima tepu ya fundi cherehani, zungushia kiunoni juu kidogo ya mifupa ya nyonga, pumua kawaida, soma. Mwanamke akipita sentimita 80, mwanamume akipita 94, hatari imeanza kupanda. Wakifika 88 na 102 imepanda sana.

Na wewe mnene unayesoma huku moyo umeshuka, inua kichwa. Hujahukumiwa. Wanene wengi wanaoupata ugonjwa huu wanapona. Sikuandika haya ili ujichukie kwenye kioo, maana mtu anayejichukia hatembei, anajificha. Nimeandika kwa sababu naamini mwili wako una nguvu ambayo hujaiita kazini. Mwili huo umebeba mimba, umebeba magunia, umesimama sokoni jua kali kutwa nzima, umekesha ukiuguza wengine. Huo huo unaniambia hauwezi nusu saa barabarani?

Unaweza!

Unaweza kuanza na sahani: nusu yake mboga za majani, robo ugali au wali, robo samaki, maharage au nyama isiyo na mafuta. Mchicha na matembele hayajawahi kuwa chakula cha matajiri. Unaweza kuanza na kikombe: chai bila sukari wiki hii, utaizoea wiki ijayo. Unaweza kuanza na chupa: maji badala ya soda. Unaweza kuanza na jirani: mwambie kesho saa kumi na mbili asubuhi mtatembea wote. Akikataa, nenda peke yako. Akikucheka, nenda peke yako. Mvua ikinyesha, subiri ikatike, kisha nenda.

Utaanguka. Kuna siku utakula sahani mbili za pilau msibani au harusini. Sawa. Kesho yake rudi. Usifanye siku moja kuwa sababu ya kuutupa mwezi mzima.

Na maumivu yale yakikushika kabla hujamaliza safari yako, yale yanayotoboa mpaka mgongoni na kutapika kusikokoma, usikae nyumbani ukinywa vidonge vya asidi kwa kubahatisha. Nenda hospitali usiku huo huo. Kipimo cha lipasi au amilasi kwenye damu kikipanda mara tatu ya kiwango cha kawaida au zaidi, pamoja na maumivu hayo, daktari amekwishajua anapambana na nini. Mwambie unakunywa pombe kiasi gani. Mwambie kama una kisukari. Mwambie uzito wako bila aibu, maana ni habari anayoihitaji ili ajue akuangalie kwa ukaribu kiasi gani.

Lakini usiku huo bado haujafika. Sasa hivi umekaa, tumbo limetulia, kongosho linafanya kazi yake kimya. Una leo. Una jioni hii kabla ya giza. Hujapewa hati ya kumiliki mwaka kesho.

Basi inuka. Nenda kwa fundi uazime tepu, pima kiuno chako, andika namba hiyo na tarehe ya leo mahali utakapoiona kila asubuhi. Halafu vaa viatu, toka nje, tembea nusu saa. Kesho rudia.